Aliyeniozesha Ni Mjomba

Nilikuwa nafumua gauni langu la harusi kwa wembe, mshono wa ubavuni, ili linitoshe tena.

Si kwamba nilikuwa naolewa. Nilishaolewa miaka mitatu iliyopita, kule Mgeta milimani, mbele ya padri na watu mia mbili na mvua isiyo na adabu. Bwana harusi alikuwa huyu huyu Godfrey aliyesimama sasa mlangoni mwa sebule ya mama yake hapa Kihonda, akinitazama kwa yale macho yake ya kuomba radhi hata kabla hajakosa. Gauni ni lile lile. Kilichobadilika ni kiuno changu na, kama mambo yangeenda walivyoyapanga, mzazi aliyenitoa.

"Bado sana?" aliuliza.

"Muulize mama yako. Yeye ndiye mwenye shughuli."

"Mosi, mke wangu..."

"Usiniite kwa sauti hiyo. Nina wembe mkononi."

Alicheka, na moyo wangu, mjinga usiojifunza, ukaruka. Alikuwa amefika Jumatano. Miezi kumi na sita, tangu likizo yake ya mwisho, nilikuwa nampenda kupitia simu, mara sura imeganda, mara sauti inakwaruza, mara kimya na lile duara linalozunguka. Jumatano ile aliponikumbatia nje ya stendi, watu wakitupita na mizigo, nilinusa shingo yake nikakuta harufu ya sabuni nisiyoijua, na chini yake, mbali kabisa, harufu yake mwenyewe. Nikalia. Ijumaa akanieleza mpango wa picha. Tangu hapo sijalia tena. Nimekasirika tu.

Ngoja nieleze, maana hasira isiyoelezwa huonekana wazimu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba tunalolima ni la ukoo wa mama. Baba anakupenda, anakubeba mabegani, anakununulia viatu vya shule, lakini siku ya posa mwenye neno ni kaka wa mama. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Kaka yake, mjomba Severini, ndiye aliyenipeleka chuo cha ushonaji kwa kabichi zake, gunia baada ya gunia. Ndiye aliyeipokea barua ya posa. Ndiye aliyenishika mkono hadi mlango wa kanisa. Baba yangu, mzee Raphael, mtu mpole kuliko maji ya mtungini, siku hiyo alibeba kreti za soda na kucheza mpaka soksi zikatoboka, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu ndivyo baba anavyofurahi.

Sasa nenda ukamweleze hayo mtu wa nyuma ya kioo.

Nilipoitwa Dar es Salaam kuhojiwa kwa ajili ya viza ya kumfuata mume wangu, mama mmoja mwenye miwani aliniuliza, "Nani alikukabidhi kwa mumeo?"

"Mjomba wangu."

"Baba yako amefariki?"

"Hapana, yupo."

"Aliipinga ndoa hii?"

"Hapana. Alicheza sana."

Aliandika. Nilimwona akiandika mengi kuliko niliyosema. Kumbe kwenye fomu ya Godfrey, iliyojazwa huko huko Ulaya anakowahudumia wazee mwaka wa saba sasa, mahali pa kuuliza ni nani aliyemwoza bibi harusi alikuwa ameandika: *Baba mzazi, Raphael*. Kwao Iringa ndivyo ilivyo, mkono wake ukaandika bila kuniuliza. Na kwenye picha za harusi mjomba amesimama katikati kama nguzo, baba yuko nyuma kabisa, nusu uso, kreti begani.

Miezi kumi na minne tulisubiri. Jibu likaja na sentensi moja niliyoikariri kama sala: ofisi haijaridhika kwamba ndoa hii ni ya kweli.

Ndoa yangu! Mimi niliyezama kwenye matope ya Mgeta na viatu vyeupe! Mimi ninayelala na shati lake lisilofuliwa! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mlima wetu aliketi kwenye kiti cha kuzunguka, akaamua kwamba simpendi mume wangu kwa sababu sikukabidhiwa na mwanaume anayemtaka yeye.

Nilidhani Godfrey atakasirika pamoja nami. Yeye akatafuta wakala. Na wakala akampa dawa: pigeni picha upya. Baba akae katikati. Mjomba asionekane.

* * *

"Haya, Mosi, vaa tukuone!" Mama Godfrey aliingia akiwa amebeba maua ya plastiki kifuani kama mtu aliyetoka kuvuna. Alikuwa ameshatundika pazia jeupe ukutani. "Na uweke uso wa furaha. Uso huo utatukosesha viza."

"Mama, hii ni kudanganya."

"Kudanganya nini? Mume si wako? Baba si wako?"

"Harusi ndiyo si hii."

"Kha! Hebu nisikilize, mwanangu. Mimi sijapata kuona. Tangu nizaliwe sijapata kuona mwanamke mwenye baba mzima, meno yote mdomoni, anaozwa na mjomba. Ninyi ndio mlioleta matatizo. Kwetu Iringa mtoto ni wa baba, kwisha maneno. Wazungu wenyewe wanaelewa hivyo."

"Basi kuolewa waolewe wao."

"Godi! Unamsikia mkeo?"

Godfrey alisikia. Alitazama sakafu. Hicho ndicho kilichoniuma, zaidi ya maneno ya mama yake. Mwanaume huyu aliwahi kupanda njia ya Mgeta kwa miguu saa nne nzima, siku lori lilipokwama, ili aje aseme neno moja kwa mjomba wangu. Leo hakuwa na hata hilo moja.

Kwenye kochi, baba yangu alikuwa amevalishwa suti ya kukodi. Mikono ilimpwaya ikafunika vidole. Alikuwa ameshika kofia yake ya kawaida magotini, anaipapasa kama paka.

"Baba, wewe umekubali hili?" nilimuuliza.

"Mwanangu, nimeambiwa ni ili uende kwa mumeo." Akameza mate. "Miaka mitatu nakuona ukila peke yako. Nikasema kama suti ndiyo inayotakiwa, nitavaa suti."

Ningefanya nini? Nikavaa. Ubavu mmoja ulikuwa umefumuliwa, mwingine bado, nikafunga kanga kiunoni kuficha. Mpiga picha, kijana wa mjini anayeitwa Yusuph, akatupanga. Baba katikati, kwenye kiti. Mimi kulia kwake. Godfrey kushoto.

"Mzee, tabasamu basi," Yusuph alisema. "Hii ni ya harusi, siyo ya kitambulisho. Bibi harusi, tupa hiyo kanga. Tarehe msijali, nitairekebisha kwenye kompyuta, itasoma mwaka ule ule."

Bega la Godfrey liligusa langu nyuma ya mgongo wa baba. Kidole chake kikatafuta changu, taratibu, kama zamani. Nilitaka kukishika. Mungu anajua jinsi nilivyotaka.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Nikageuka. Mlangoni alisimama mjomba Severini, buti za mpira zina udongo mwekundu hadi magotini, koti lile lile la sufu la kila siku, na begani tenga la karoti na njegere. Alikuwa ameteremka alfajiri na lori la mboga. Nyuma yake, mbali, milima ilikuwa imejifunika wingu kama mtu asiyetaka kuona.

Hakuna aliyesema karibu.

Alitazama pazia. Akatazama maua. Akamtazama shemeji yake ndani ya suti, kisha mimi ndani ya gauni alilolilipia yeye.

"Mbona nimekuta harusi," alisema polepole, "na mimi sikualikwa?"

"Shikamoo mjomba," nilisema, na sauti ikakatika.

"Marahaba mwanangu. Umependeza. Gauni limechanika."

Baba alisimama ghafla, akaanza kuhangaika kutoa mkono kwenye koti. "Shemeji, mimi... shemeji, si mimi niliyepanga..."

"Kaa, Raphael. Suti imekukaa." Mjomba aliteremsha tenga. "Ila nieleweshwe. Mimi nimeshakua mzee, naelewa taratibu."

"Karibu mkwe, karibu sana," Mama Godfrey alijikaza. "Ni kapicha kadogo tu, ka kumbukumbu."

"Si kumbukumbu," nikasema. "Mjomba, wanakuondoa."

"Mosi!" Godfrey alinong'ona.

"Wanakuondoa kwenye harusi yangu. Wale watu wa viza wamesema anayetakiwa ni baba. Kwa hiyo tunapiga harusi nyingine, isiyokuwa na wewe. Na mimi, mjomba, nimevaa. Unaniona nimevaa."

Nilifikiri atafoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akavua kofia, akafikiri.

"Kama mimi ndiye kizingiti," alisema, "nirukeni. Sijakuoza ili ukae Kihonda unasubiri simu. Nenda kwa mumeo, mwanangu. Mimi najua nilikushika mkono. Picha haiwezi kunipokonya hilo."

Hapo ndipo kitu kikapasuka ndani yangu. Mtu huyu aliuza kabichi miaka miwili ili nijue kushika cherehani, na sasa alikuwa anajifuta mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole, ili mimi nipate muhuri!

"Hapana," nikasema. "Sipigwi picha. Yusuph, funga hiyo kamera."

"Dada, nimeshalipwa nusu..."

"Funga!"

Akaifunga.

"Sasa utakaa hapa mpaka uzeeke?" Mama Godfrey alipaza sauti. "Mwanangu apikiwe na nani huko?"

"Mama, mwanao ana mikono," nilimjibu. "Tena ana mdomo, sijui aliuacha uwanja gani wa ndege. Godfrey! Sema. Nani aliyeniozesha kwako?"

Godfrey alijifuta uso. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Ungesema baba tu, Mosi," alisema hatimaye, chini chini. "Ulipoulizwa. Neno moja. Tungekuwa pamoja sasa hivi."

Nilihisi kama amenipiga kofi.

"Wewe ndiye uliyekosea fomu na mimi ndiye ninayelaumiwa kwa kusema kweli?"

"Nilijaza vile wanavyoelewa!"

"Ulijaza bila kuniuliza!"

"Basi, wanangu," mjomba alisema. Alikuwa ameingiza mkono chini ya karoti. Akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ule anaowekea mbegu. "Mosi alinipigia simu wiki iliyopita, akasema wale watu wanataka ushahidi. Sikujua ushahidi wa aina gani. Nikaja na nilicho nacho."

Akafungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na kitambaa cheupe kilichoifunga siku ilipoletwa.

Niliikunjua. Mwandiko niliujua kabla ya maneno. Herufi zile zilizolala upande, kama zinazokimbia mvua.

Nikasoma kwa sauti. "*Kwa Mzee Severini, mjomba na mwenye neno juu ya Mosi. Mimi Godfrey naomba kwa heshima kujiunga na ukoo wako. Nimeambiwa kwenu mume ndiye anayekuja kwa mke. Sioni aibu kuja. Popote atakapokuwa Mosi ndipo kwetu.*"

Nilimsikia jirani akisugua sufuria. Baba alijifuta macho kwa mkono wa suti ya watu.

"Uliandika hivi wewe, Godi?" Mama Godfrey aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Niliandika."

"Kuna tarehe," nilisema. "Kuna saini yako. Kuna jina la mjomba kwa mkono wako, wiki sita kabla ya ndoa. Mwaka mzima tunahangaika, tunakodi suti, na ushahidi umelala ndani ya mbegu za figiri! Tunaipeleka hii. Unaandika na maelezo kwamba ulikosea wewe. Na wakikataa tena, waache wakatae. Unarudi nyumbani. Mjomba alikupa ngazi tatu za shamba la mlimani, zipo. Tutalima."

Nilitegemea atapumua. Yeye akajishika mfuko wa ndani wa koti, kama mtu anayeumwa kifua.

"Siwezi kurudi, Mosi."

"Huwezi au hutaki?"

Akatoa pasipoti, akaiweka mezani kati ya maua ya plastiki. Hakikuwa kile kitabu chetu, chenye nembo ya bwana na bibi walioshika pembe za ndovu. Kilikuwa kingine. Nilikifungua. Sura ya mume wangu, jina la mume wangu, nchi ya watu. Na ukurasa wa katikati muhuri wa kuingilia Tanzania: mgeni, matembezi, siku tisini.

"Lini?" niliuliza.

"Mwezi wa tatu. Niliapa uraia wa kwao, wa kwetu ukakoma. Wakala alisema mke wa raia hapokelewi kama mke wa mfanyakazi, mambo yanakwenda haraka. Nilifanya kwa ajili yako."

"Mwezi wa tatu. Sasa ni wa nane."

"Nilitaka kukwambia ana kwa ana."

"Jumatano tulikuwa ana kwa ana. Alhamisi tulikuwa karibu zaidi ya hapo."

Baba alikohoa. Yusuph akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Godi," Mama Godfrey alisema, mkono kinywani, "kwa hiyo wewe... hapa nyumbani kwangu... ni mtalii?"

Hakuna aliyecheka, ingawa mwaka mwingine tungecheka hadi tuanguke.

Nilimtazama mume wangu. Nilitafuta ndani ya uso ule kijana wa herufi zinazokimbia mvua. Alikuwepo, amechoka, ana mvi mbili kwenye kidevu ambazo sikuwepo zilipoota. Na hasira yangu haikupungua hata chembe kwa kumwona. Iliongezeka, maana walituibia hizo mvi mbili, na yeye akawasaidia kubeba. Aliacha nchi kama mtu anayeacha mwavuli, akala kiapo peke yake, akarudi kuniomba nimwache mjomba.

"Ulisimamaje huko ukaapa," nilisema, "na mimi, mkeo, nikiwa nimekaa hapa Kihonda napindia suruali za watu? Hukuona kwamba kiapo hicho kilikuwa na mtu wa pili?"

"Niliona. Niliogopa utasema hapana."

"Ningesema hapana! Ndiyo maana watu huulizana!"

Alikaa. Kichwa mikononi. Mjomba Severini akainuka, nikadhani anaondoka. Akaenda mezani, akaichukua ile pasipoti, akaipindua mbele na nyuma kama mtu anayekagua mbegu asizozijua, akairudisha.

"Mkwe wangu," alimwambia Godfrey, "ulipokuja kwetu hatukukuuliza kitabu. Tulikuuliza kama unaweza kupanda mlima. Ukapanda. Ngazi zako tatu zina maharage ya Raphael kwa sasa, lakini bado zinaitwa zako. Mengine muulize mkeo. Ukoo ni wake. Wewe ni mgeni wake."

*Mgeni wake.* Mjomba hakujua alichonipa. Au alijua.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya Godfrey, gauni limefumuka upande mmoja. Niliichukua ile pasipoti nikaiweka kwenye paja langu.

"Siku tisini," nilisema. "Umeshatumia nne. Ukitaka kukaa zaidi, utaomba kibali, na mwenyeji wako atakayekuandikia barua ni mimi. Nitaulizwa kama ndoa ni ya kweli. Kwa hiyo lazima nikuhoji. Kaa vizuri."

"Mosi..."

"Jibu swali. Nani alinikabidhi kwako?"

Aliinua uso. Alimtazama mjomba kwanza, kisha mimi, na safari hii macho yake hayakuomba radhi.

"Mjomba wako, Severini. Mlango wa kanisa. Mvua ilianza, akavua koti, hilo hilo alilovaa, akakufunika nalo. Akaniambia, ukimlowesha nitamrudisha. Nilikuwa natetemeka, nikasahau kumshukuru." Sauti ilikwaruza. "Na nimekulowesha, Mosi. Miaka mitatu. Najua."

Nilitamani kumwangukia. Sikumwangukia.

"Hilo umepata," nilisema. "Yapo mengine mengi. La kiapo nitakuuliza kila siku mpaka nichoke. Jumatatu tunapeleka barua ya posa, na maelezo utaandika kwa mkono wako, mbele yangu, kila neno. Nikipewa viza, nitakuja kuona hiyo nchi iliyokuapisha, na kuhusu uraia wake nitaamua nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Nikinyimwa, utaomba wewe kukaa huku. Na mimi si mwepesi kama wao."

"Nimekubali."

"Sijakuuliza kama umekubali. Vua hilo koti, mjomba asaidiwe tenga."

Alivua. Alibeba tenga hadi jikoni, na Mama Godfrey akamfuata nyuma akinung'unika kwamba njegere hizi ni nzuri, nzuri sana, za kwetu Iringa hazifikii. Kwa mama mkwe wangu huo ulikuwa msamaha kamili.

"Dada," Yusuph alisema, "sasa nusu yangu?"

"Fungua kamera."

Nilimshika mjomba mkono nikamsimamisha katikati, na buti zake, na udongo wake. Baba alikuwa ameshatupa koti la kukodi. Akakimbilia uani, akarudi na kreti tupu ya soda begani, akasimama nyuma kabisa, nusu uso, anacheka kwa meno yote. Pazia nililing'oa. Godfrey alikuja upande wangu, akasita, asijue kama anaruhusiwa kugusa. Nikampa kidole kimoja.

"Na tarehe niweke ya lini?" Yusuph aliuliza.

"Ya leo," nikasema. "Piga."